Siri ya Depo na Posa ya Merveille

Soko la mji wa Baraka siku ya Jumamosi halimwachi mtu apite na nguo safi, na Merveille alilijua hilo tangu utotoni. Hata hivyo siku hiyo alikwenda sokoni na kikwembe kipya, kitenge cha manjano chenye maua meusi, kilichoshonwa kikamshika kiunoni vizuri, kwa sababu alikuwa anatoka kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani na aliona uvivu kurudi nyumbani kubadili. Ameinama juu ya sinia la ndakala, anabishana na mama muuzaji kama samaki wamekauka au hawajakauka, mwanamume mmoja akapita nyuma yake na betri ya gari begani. Betri ilikuwa na ufa. Maji yake yakadondoka matone manne kwenye kikwembe, na kama hujui maji ya betri yanafanya nini kwenye pamba, mimi nitakwambia: hayaachi doa, yanaacha tundu.

Mwanamume hakukimbia, na hilo lilimshangaza Merveille kuliko hayo matundu. Alitua betri chini, akapangusa mikono kwenye suruali, akachuchumaa kuangalia hasara kana kwamba ni yeye aliyeitwa kuitengeneza.

“Uniambie fasi ulinunua,” alisema.

“Uvira.”

“Basi nitaenda Uvira.”

“Utaenda Uvira ju ya matundu mane?”

“Ju ya matundu, hapana,” alisema, akasimama. Alikuwa mrefu, shati lake limekatwa mikono, na jasho limemtengenezea mifereji kwenye vumbi la shingo. “Ju ya mwenye nguo.”

Mama wa ndakala alicheka mpaka akasahau bei aliyokuwa anaitetea. Merveille hakucheka. Alicheka alipofika nyumbani, peke yake, mbele ya kioo, akiingiza kidole kwenye tundu moja na kukitoa.

Huyo mwanamume aliitwa Jérémie, fundi wa umeme wa jua, na alikwenda Uvira kweli. Wiki mbili baadaye kitambaa kipya cha maua yaleyale kilimfikia Merveille mezani kwake ofisini, kwa maelekezo ya mama wa ndakala, kimefungwa kwenye gazeti, na namba ya simu imeandikwa kwa kalamu ya fundi, ile nene. Alimpigia ili kumshukuru. Shukrani hiyo ilichukua dakika arobaini. Kuanzia hapo walipigiana asubuhi, mchana na jioni, na mtu akisikiliza asingeokota lolote la maana. Merveille anamwuliza amekula nini, Jérémie anajibu bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, yeye anasema basi unanuka sombe mpaka huku, huyu anasema njoo unuse karibu. Mapenzi ya watu wazima ni upuuzi mtupu, lakini sijaona aliyeyapata akayarudisha.

Merveille alifanya kazi kwenye shirika moja la maji, lile lenye ofisi yenye ukuta wa buluu karibu na ziwa. Kazi yake ilikuwa mafaili ya wafanyakazi, na juu ya hapo alishika ufunguo wa sanduku la malalamiko. Mfanyakazi akionewa na mwenzake, akitukanwa, akipigwa, anaandika karatasi, anaitumbukiza. Merveille peke yake ndiye anayefungua, na hana ruhusa ya kutaja jina la aliyeandika hata kwa baba yake mzazi. Mtu fulani mwenye akili zake alilitundika sanduku hilo kwenye njia ya choo, mbele ya dirisha la jikoni, ambapo mpishi anaona kila mkono unaosogea. Kwa hiyo katika miaka miwili sanduku lilipokea karatasi moja tu, ya kulalamikia maharage. Jérémie aliposikia habari hiyo akaanza kumwita Madame Sanduku, na Merveille akamwambia jina hilo asilitumie mbele za watu, naye akalitumia.

Mkuu wa vifaa kwenye shirika hilo aliitwa Nicolas, na Nicolas alikuwa mjomba wa Jérémie. Kusema mjomba ni kusema nusu. Baba yake Jérémie alifariki mtoto ana miaka sita, na Nicolas ndiye aliyemchukua, akamsomesha, akamlipia ufundi Uvira, akamnunulia koleo na waya za kwanza. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kanisani, anayesalimia kila mtu kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Aliposikia Jérémie amempata Merveille, mwenzake wa kazi, alifurahi kuliko Jérémie mwenyewe. Aliwaalika kwake, akaagiza kuhe mzima wa kuchoma, akamwekea Merveille kichwa cha samaki kwenye sahani kwa mkono wake, akamwita mukwe wangu. Posa ikapangwa Jumamosi ya tatu ya mwezi wa nane, mwaka ule wa 2023. Nicolas ndiye angesimama kusema. Kwa watu wa familia zile mbili hilo halikuwa jambo la kujadili: aliyekulea ndiye anayekuombea mke, na ukienda bila yeye umekwenda kama mtu aliyeokotwa.

Ilikuwa imebaki wiki tatu, Bonaventure akapiga simu.

Bonaventure alikuwa mtunza depo, mahali pampu, mabomba na saruji zinapowekwa. Miaka thelathini na minane, aliyefiwa na mke, mabinti wawili, na hakuna aliyevaa vizuri kumpita katika ofisi ile: mashati yake meupe yalinyoshwa mpaka mikunjo ikawa na makali, na viatu vyake vilipita kwenye tope la Baraka bila kuchafuka, sijui kwa ujanja gani. Jumapili aliimba sauti ya chini kwenye kwaya. Siku hiyo sauti hiyo ilikuwa chini zaidi. Alimwambia Merveille kwamba kuna jambo, lakini si la kusemea ofisini, wala kuandika hawezi, kwa kuwa mwandiko wake uko kwenye kila kadi ya depo na kila mtu anaujua. Akamwomba waonane kijiji cha Lweba, kwa shemeji yake, Alhamisi mchana.

Merveille alikwenda kwa pikipiki, amevaa gauni la buluu na kitambaa kichwani kwa ajili ya vumbi. Bonaventure alimwekea kiti nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha ukuta, na kuku wakawazunguka miguuni. Aliongea akiangalia viatu vyake. Jumanne iliyopita Nicolas aliingia depo akataka pampu moja bila karatasi ya kuitolea. Bonaventure akasema hawezi, ndivyo walivyoagizwa. Nicolas akafunga mlango, akamshika kola, akamgonga kichwa kwenye chuma cha rafu, mara ya kwanza, mara ya pili, akamwambia atamfundisha heshima. Sikio lilipasuka kwa nyuma. Haikuwa mara ya kwanza. Ilikuwa ya tatu tangu mwaka uanze, ila hizo mbili hazikutoa damu.

“Watoto wangu basijue,” Bonaventure alisema. “Na kanisani basijue. Mwanaume muzima anapigwa kama mutoto wa shule, nitaweka uso wangu wapi?”

Merveille alikuwa amekwishasimamisha kalamu tangu aliposikia jina. Alimwambia ukweli, kwamba anataka kuolewa kwenye familia ya huyo mtu, na kwamba ana haki ya kumpeleka kwa mwingine.

“Najua. Baraka yote inajua,” Bonaventure alijibu. “Nilifikiri siku nyingi. Lakini ufunguo ni wako, na mi sijasikia siku hata moja mutu anasema Merveille alisema.”

Basi hakuwa na la kufanya ila kazi yake. Alimwomba ageuze kichwa, akamshika kidevu kwa vidole viwili ili mwanga upige vizuri, akasogea karibu kuangalia nyuzi ambazo muuguzi alimshona, akapiga picha kwa simu.

Sasa sikiliza namna Baraka na vijiji vyake vilivyo vidogo. Nyumba ya tano kutoka pale lilikuwa kanisa, na juu ya paa la kanisa alikuwapo fundi mmoja anafunga vioo vya umeme wa jua. Alimwona mwanamke wa gauni la buluu akishuka kwenye pikipiki. Akatabasamu, kwa sababu mwendo ule angeutambua hata gizani. Kisha akaona kiti, akaona shati jeupe la mtunza depo, akaona mkono wa mwanamke ukishika kidevu cha mwanamume, na nyuso zikisogeleana. Kutoka juu ya bati, sikio lililoshonwa halionekani. Jérémie alikaa kwenye bati lenye moto bila kuhisi moto, akatoa simu.

“Uko wapi, sheri?”

Chini kule alimwona akisimama, akitembea hatua mbili pembeni. “Niko ku kazi.”

“Kazi ya wapi?”

“Ya kazi tu. Nitakupigia.”

“Nasikia bakuku. Biro yenu ya kazi inafuga bakuku siku hizi?”

Merveille aliwafukuza kuku kwa mguu. “Niko ku kazi, Jérémie,” alisema, na ulikuwa ukweli mtupu, na ulisikika kama uongo.

Jérémie hakushuka kumwuliza. Wanaume wa hapa wana kosa hilo, wanaona aibu kuuliza kuliko kuumia. Alimaliza kukaza boliti, akakusanya vyombo, na alipopita mbele ya nyumba ile wale wawili walikuwa wamekwishaondoka, kila mmoja kwa njia yake.

Jioni ileile Merveille alimpigia mkubwa wake wa Bukavu, Madame Constance, mwanamke mkavu aliyezeeka kwenye kazi hizo. Akamweleza yote, akasema anajitoa kwenye shauri hilo, kwa kuwa kanuni inasema mwenye undugu na mshtakiwa ajitoe. Constance aliuliza maswali mawili. Katika ofisi ya Baraka, ni wangapi wanaotarajia kuwa wakwe wa Merveille? Mmoja. Na chini ya huyo mmoja, depo inashikwa na wangapi? Mmoja.

“Basi ukijitoa mbele ya watu,” Constance alisema, “umekwisha kuwataja wote wawili. Utabaki kumsikiliza mlalamikaji tu. Mshtakiwa nitamsikiliza mimi, na uamuzi utakuwa wangu. Lakini hiyo posa isogeze mpaka faili lifungwe, la sivyo kesho atasema tuliyapanga nyumbani. Na sababu usimwambie mtu.”

“Ata mchumba wangu?”

“Huyo hasa.”

Yeye alikuwa Bukavu, ilimwia rahisi kusema.

Siku iliyofuata Merveille alimwambia Jérémie waonane kwenye ufuko, karibu na pale wanapoanika ndakala. Alikuja na shati jipya. Hilo shati lilimuuma Merveille kuliko lolote, kwa sababu aliona kwamba amelivaa ili apewe maelezo. Alimwambia posa isogezwe mbele. Jérémie akauliza mpaka lini, akajibu hajui. Akauliza kwa nini, akajibu hawezi kusema. Alijua anavyosikika. Msichana anayeahirisha posa bila sababu, katika mji huu, amekwishajibu.

“Ni Bonaventure?” Jérémie aliuliza.

Merveille alishtuka, na alivyoshtuka ikawa mbaya zaidi. “Haiko yeye.”

“Mi nilikuwa juu ya paa ya kanisa. Lweba. Nilikuona na macho yangu, unamushika uso.”

Hapo ndipo alipoelewa kuhusu kuku. Neno moja lingetosha. Lingetosha kusema mtu yule alikuwa na kidonda, na Jérémie angecheka, angeomba radhi, wangekwenda kula brosheti za nyama. Kisha angeuliza nani alimpiga. Merveille aliliona neno hilo likiwa limesimama mdomoni, akalimeza.

“Uniamini tu,” alisema. “Nakupenda, Jérémie. Sijaacha kukupenda ata dakika moja. Lakini hiyo siwezi kukuambia.”

“Mapenzi gani hiyo yenye mulango ya kufunga?” Jérémie alisema, taratibu, bila kupandisha sauti, akaondoka.

Hawakupigiana simu tena. Jérémie alipokea kazi ya kufunga umeme kwenye shule moja ya Fizi, kule juu milimani panapo baridi, akapanda na vyombo vyake vyote kama mtu anayehama. Merveille alibaki na ofisi. Alipungua, gauni la buluu likawa linamning’inia mabegani, na shangazi yake Clarisse, dada wa baba yake, akasambaza habari kwamba ni malaria ili watu wasiseme jambo jingine. Watu wakasema jambo jingine.

Lakini adhabu yake kubwa ilikuwa Nicolas. Kila asubuhi alipita mezani kwake, akamsalimia mukwe wangu, akamwuliza kwa sauti ya huruma huyu mutoto wetu amekukosea nini, niambie mimi, nitamunyoosha. Akampigapiga begani kwa mkono uleule. Merveille akasema asante, papa, akarudi kwenye mafaili yake. Mara mbili alimwandikia Jérémie ujumbe mrefu wenye kila kitu. Mara mbili aliufuta kabla ya kutuma, kwa sababu kila alipofika kwenye jina la Bonaventure aliwakumbuka wale mabinti wawili wakimngoja baba yao mlangoni mwa kanisa.

Constance alifika Baraka mwezi wa tisa. Kwa kuwa alikuwa mjanja, alisema amekuja kwa ukaguzi wa kawaida, akawaita wafanyakazi wote ishirini na mmoja, mmoja mmoja, kila mtu nusu saa, mpishi naye ndani. Hakuna aliyejua nani ameitwa kwa lipi. Mlinzi alieleza alichokisikia nyuma ya mlango wa depo. Karatasi ya muuguzi ilisomwa. Nicolas alipoingia alikaa saa mbili, wengine wakaambiwa ni hesabu za vifaa, na Merveille hakuwapo chumbani, alitumwa mjini kununua karatasi. Mwisho wa wiki lilitoka tangazo fupi: Nicolas amehamishiwa ofisi ndogo ya Fizi. Tangazo halikusema kwamba huko hatakuwa na mtu chini yake, wala kwamba ameandika barua ya kuomba radhi na kuonywa kwamba akimgusa tena mtu atafukuzwa. Bonaventure aliletewa barua hiyo nyumbani kwake. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaenda kwenye mazoezi ya kwaya.

Kwa hiyo Jérémie, aliyekimbilia Fizi ili asione mtu, akaona mjomba wake anashuka kwenye gari na sanduku la nguo. Nicolas alikuwa na hasira ya siku nzima ya barabara. Hata chai hakuisubiri.

“Ule binti yako aliniuza,” alisema. “Yeye njo anashika sanduku. Alikula samaki yangu, kisha kila asubuhi ananiita papa, na alikuwa anajua.”

Jérémie aliuliza kuuzwa kwa lipi, akaambiwa kuna mtu wa depo alikwenda kulia kama mwanamke. Mtu wa depo. Kidevu, shati jeupe, kuku. Vyote vilikaa mahali pake kwa mara moja, na Jérémie akajiona mjinga kuliko alivyowahi kujiona.

“Ulimupiga, mujomba?”

“Nilimusogeza kidogo ku rafu.”

Jérémie aliujua mkono huo. Ulimvalisha sare ya kwanza ya shule, na ulimsogeza kidogo naye, mwaka aliovunja redio, hata leo kuna mahali juu ya nyusi nywele hazioti. Hakuwahi kulisema hilo kwa mtu. Alimpenda mjomba wake, na bado anampenda, na pale chumbani aliona uchungu kwa ajili ya mtu wa depo kana kwamba ni yeye mwenyewe alikuwa ameegemezwa kwenye ile rafu. Nicolas akamwambia achague: yule binti au yeye. Jérémie akasema hatachagua, lakini Baraka atashuka. Nicolas akamwambia basi ashuke peke yake, na siku ya posa asimtafute.

Jumapili mchana aliingia uani kwa baba yake Merveille, mwekundu kwa vumbi kuanzia viatu mpaka kope. Merveille alikuwa amekaa kwenye mkeka, amevaa fulana kuukuu, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, shangazi Clarisse anamsuka. Clarisse alimtazama yule kijana, akaweka kitana chini, akasema anakwenda kuangalia sufuria. Hapakuwa na sufuria motoni.

“Ungeniambia,” Jérémie alisema. Hakukaa.

“Nikuambie nini?”

“Merveille. Mujomba aliisha kusema yote.”

“Mujomba wako akisema, ni yeye anasema. Mi sisemi ndiyo, sisemi hapana.”

Alisema hivyo huku machozi yamemjaa, na mkono mmoja umeshikilia nywele zisizosukwa. Jérémie aliona kwamba hata sasa, hata yeye akiwa anajua kila kitu, hatapata neno kutoka kwa mwanamke huyu. Kidogo acheke.

“Unijibu kitu kimoja tu,” Merveille alisema. “Ningekuambia ile siku, kule ufuko. Ungeenda kumwambia mujomba?”

Jérémie alikaa kwenye mkeka. Alifikiri sawasawa, kwa sababu aliona kwamba jibu la haraka litaharibu kila kitu. Alimfikiria mjomba aliyemlea, na namna ambavyo angekimbia kumwonya, kwa nia njema tu, na mjomba angekwenda depo na nia yake mwenyewe.

“Ningemwambia,” alisema. “Ile siku ile ile.”

“Njo maana.”

“Njo maana,” Jérémie alikubali. Akamwomba msamaha kwa ajili ya paa, na kwa ajili ya maneno ya ufukoni, na kwa wiki zote alizokaa milimani anakazia boliti za watu akiwa amefura. Merveille akamwambia na yeye aliumia, tena sana, kuna siku alimchukia kwa kutomwamini, na hilo asilisahau. Kisha akamwambia ananuka vumbi. Jérémie akasema asogee anuse karibu. Clarisse alikaa jikoni muda mrefu na sufuria yake isiyokuwapo.

Posa ilifanyika mwezi wa kumi. Uani palifungwa turubai, viti vilikodiwa, kwaya ya kanisa ikaalikwa. Merveille alivaa kikwembe cha kijani chenye dhahabu, akafungiwa chumbani na shangazi zake kama inavyotakiwa, dirisha likiwa wazi ili asikie. Baba yake, mwalimu mstaafu aliyefundisha nusu ya mji, alikaa mbele kwa suti ya kahawia. Upande wa pili alikuja Jérémie, mama yake, na Willy, binamu yake, dereva wa pikipiki, aliyeazimwa koti na kupewa kazi ya kusema. Willy alianza vizuri, akasema wameona ua kwenye nyumba hii. Mwalimu hakumwacha afike mbali.

“Wewe ulimlea huyu?”

Willy akasema hapana.

“Aliyemlea amekufa?”

“Hapana, mwalimu.”

“Ni mgonjwa?”

Hapo Willy akamgeukia Jérémie. Ilikuwa rahisi kusema mgonjwa, na watu wengi wangesema, na wiki hiyohiyo Nicolas angeonekana Fizi anakula nyama. Kila mtu pale alijua Nicolas alikuwa bosi ofisini kwa Merveille, na alihamishwa ghafla, na hayupo. Wanawake walianza kunong’onezana: wengine kwamba mjomba amemkataa msichana kwa tabia zake, wengine kwamba kulikuwa na jambo ofisini, jambo la depo. Kwenye safu ya tatu ya kwaya Bonaventure alikuwa amekaa na shati lake jeupe, mabinti zake wawili wamemwegemea. Aliangalia viatu vyake. Chumbani Merveille alishika chuma cha dirisha. Jérémie akisema ukweli wote, atakuwa amemsafisha yeye mbele ya mji mzima, na mabinti wale watajua mbele ya watu mia kwamba baba yao alipigwa.

Jérémie alisimama mwenyewe.

“Baba, mujomba wangu njo alinilea. Hakuja. Merveille hana kosa, na mi sina kosa juu yake. Sababu naijua, lakini haiko yangu ya kusema. Mukinitoza faini, nitatoa. Mukisema nisimame mpaka jioni, nitasimama. Lakini musiniulize hiyo.”

Manung’uniko yalipanda. Mwalimu alivua miwani. Alikuwa mtu wa haki, ila alikuwa pia baba mwenye binti mmoja, na kumpa binti kwa mtu aliyekuja bila mlezi wake ilikuwa aibu ambayo angeibeba sokoni na kanisani. Akasema faini ni mbuzi wa pili, juu ya yule waliyekuja naye. Na kuhusu posa, inaahirishwa, mpaka mjomba apatikane au sababu isemwe. Ila ni desturi kumwuliza msichana, kwa hiyo aletwe.

Merveille alitoka mbele ya shangazi zake, wao nyuma wakimkimbilia na mkia wa kikwembe. Hakumwangalia Bonaventure. Alimwangalia Jérémie aliyesimama katikati ya uwanja, mikono imeshuka, amekubali kudhaniwa vibaya mbele ya mji wote kwa ajili ya mtu aliyewahi kumwonea wivu.

“Binti yangu,” mwalimu alisema, “huyu amekuja bila mtu wa kumsemea, na ana jambo anatuficha. Unakubali tungoje?”

“Hapana, baba,” Merveille alisema. “Mi niliisha kungojesha mara moja, inatosha. Ile anaficha, aendelee kuificha. Huyu mutu namujua.”

Mwalimu alirudisha miwani machoni, akamwambia Willy aendelee kuhusu lile ua.